Kutengana kwa Kikurya

Nyie vijana siku hizi mkiagana mnasema "nasepa." Wajukuu zangu wakija likizo hapa Nyamwaga, nikimwuliza mmoja anakwenda wapi jua likiwa kali hivi, ananijibu, "Babu, nasepa." Wapo wanaosema neno hilo mmelikata kutoka kwenye Kiingereza, kwenye *separate*. Mimi sitaapa kwamba ndivyo, maana maneno ya mtaani hayana cheti cha kuzaliwa. Lakini kila nikilisikia nashtuka kidogo. Neno hilo la Kiingereza lilinitoa jasho nikiwa mkalimani wa mahakama, na nimestaafu nikiwa bado sijalimaliza.

Kwa wasioijua kazi hiyo, mkalimani ni yule anayesimama kati ya hakimu na mtu ambaye hawasikilizani kwa lugha. Nilianzia Tarime, nikamalizia Mugumu, kule Serengeti. Zamani zile shahidi alizungumza Kikurya, mimi nikakigeuza kuwa Kiswahili, na hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa mkono, polepole, mpaka shahidi anasahau alikuwa anasema nini. Siku hizi kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiswahili, kuna kompyuta, na kesi nyingine husikilizwa kwenye skrini huku mshtakiwa yuko gerezani. Wazee wasiojua Kiswahili nao wanapungua kila msimu. Mnaosomea lugha sasa mtafanya kazi nyingine kabisa, lakini shida yake ya ndani naamini itabaki ileile.

Aliyenifundisha ni Mzee Nyamhanga, mtu mwembamba aliyekuwa na koti moja la kazi, la kahawia. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: shahidi akisema "mimi," na wewe sema "mimi." Usiseme "anasema kwamba alifanya." Ukisema hivyo umeshaweka mguu wako kwenye ushahidi wa mwenzako. Kwa hiyo kila siku nilikuwa mtu mwingine. Asubuhi nilikuwa mjane aliyelimiwa mpaka wa shamba lake, mchana nikawa kijana wa Sirari, mpakani, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na vipande vya Kenya na Kiingereza, mpaka nikahitaji mkalimani wa kunikalimania.

Wiki zangu za mwanzo kulikuwa na kesi ya wizi wa ng'ombe. Mshtakiwa alikiri kwa Kikurya, nami nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "Ni kweli, Mheshimiwa, mimi niliwatoa wale ng'ombe zizini." Sikujua kwamba mama mkwe wangu alikuwa benchi la nyuma, amekuja kwa shauri la shamba la kaka yake, na amechelewa kuingia. Alisikia hayo tu, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Jioni nilipofika nyumbani nilikuta wazee wa ukoo wamekaa uani wanazungumza taratibu kama watu wa msibani. Mke wangu, Ghati, ndiye aliyeelewa kabla sijafungua mdomo. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwa miaka mingi baadaye nikichelewa kurudi aliniuliza leo nimeiba nini.

Nawaeleza hayo ili mjue kwamba nyumba yangu ilikuwa na kicheko. Halafu nikahamishiwa Mugumu. Ghati alibaki Nyamwaga na migomba na ng'ombe wetu wachache, mimi nikapanga chumba mtaa wa Morotonga, na tukaonana mwisho wa mwezi, kisha mwisho wa miezi. Hatukugombana hata siku moja. Hakuna aliyetuambia kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoachana mikono.

Ukalimani pia ni kazi ya upweke, na hilo halimo kwenye masomo yenu. Hufai kunywa chai na mtu mwenye kesi, wala kukaa naye kwenye gari, wala kumsindikiza mama aliyelia mbele yako. Gulioni Mugumu watu walinisalimia kwa mbali, kwa heshima, kisha wakabadilisha mazungumzo. Jirani pekee niliyezoeana naye Morotonga alikuwa fundi cherehani mmoja Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Nikitoka kazini nilikaa mlangoni kwake akishona sare za shule, tukazungumza juu ya maneno. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba talaka ni neno la Kiarabu, na kwamba kwa Waarabu maana yake ya asili ni kumfungua mnyama kamba aende. "Ndiyo maana ni nzito," aliniambia. "Ukishafungua, kamba inabaki mkononi mwako." Nililiweka akilini, nikidhani sitalihitaji.

Sasa niwaeleze kesi yenyewe.

Alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha Ringwani, jina lake Wankuru, mtu mzima mwenye wajukuu. Mume wake aliitwa Mzee Chacha, mfugaji, mrefu, mwenye fimbo ambayo askari wa mahakama walimwomba aiache mlangoni, akaiacha kama anayeacha mguu. Walikuwa na mtoto wa kiume wa mwisho, Mwita, ambaye aliugua kifua muda mrefu na akafia ndani ya nyumba yao, katika chumba kinachopakana na chao. Alizikwa pembeni ya boma, kama desturi ilivyo. Baada ya mazishi Wankuru alihamisha kitanda chake akaenda kulala jikoni, kwenye kibanda cha udongo cha kupikia. Mume alidhani ni ya siku chache. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja nyingine, na mama bado yuko jikoni.

Ndugu wa mume walikaa kikao. Walimpa njia mbili: arudi ndani kwa mume wake, au arudi kwa kaka zake na ng'ombe wa mahari warudishwe. Baraza la kata nalo lilijaribu, likashindwa. Ndipo mwanasheria mmoja wa kusaidia akina mama akamwandikia maombi kwa Kiingereza. Hakuomba *divorce*. Aliomba *separation*.

Hakimu alikuwa mama wa makamo kutoka Kilimanjaro, mtulivu, hakuwa na tabia ya kugonga meza. Aliyasoma maombi, akaniangalia, akaniambia nimweleze mjibu maombi kile mke wake anachokiomba.

Kwa Kiswahili ni rahisi: kutengana. Nililisema. Mzee Chacha hakujua Kiswahili cha kutosha, akanigeukia. Nikalitafuta neno la Kikurya. Kwetu ndoa ipo au haipo. Ng'ombe wako kwa mkwe au wamerudi. Mke aliyepo lakini hayupo hatukuwahi kumpa jina. Neno la karibu nililolipata ni lile wazee wanalolitumia kwa mtu aliyetengwa na jamii yake, ambaye hapewi moto, hasalimiwi, na ng'ombe wake hawanywi pamoja na wa wenzake. Nikalisema hilo.

Mzee Chacha alisimama bila kuruhusiwa. Hakupaza sauti. Alimtazama mke wake, halafu akanitazama mimi, akasema jambo ambalo nililazimika kulitafsiri kwa sauti yangu mwenyewe mbele ya watu wote:

"Mimi nilizika mtoto na huyu mama. Udongo tuliutupa pamoja. Leo anaomba watu wakatazwe kunisalimia?"

Wankuru alianza kutikisa kichwa. Alisema sivyo, sivyo alivyosema, lakini alisema kwa sauti ndogo, na mzee alikuwa tayari ameshaanza kutoka. Aliichukua fimbo yake mlangoni. Hakimu hakumwita arudi kwa nguvu, wala hakumwandikia kosa. Aliahirisha shauri.

Baadaye aliniita ofisini kwake. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Aliniambia nikae, akatoa kabatini kamusi nene ya Kiingereza, ile inayoeleza maneno yalikozaliwa, iliyochakaa mgongo. Alisema alipokuwa anasoma sheria baba yake alimnunulia, na kwamba huwa anaifungua anapokwama. Tulilitafuta neno *separate* pamoja, vichwa vimekaribiana kama wanafunzi wenye kitabu kimoja.

Neno lilitoka kwenye Kilatini, na lilikuwa vipande viwili. Cha kwanza maana yake ni kando, cha pili ni kuandaa. Kuandaa kando. Kuweka kitu tayari, mahali pake. Kamusi ilisema pia kwamba neno hilohilo lilipopitia vinywani mwa Wafaransa liliingia Kiingereza likiwa limechongoka, *sever*, kukata kabisa. Mama mmoja amezaa watoto wawili, mmoja mpole na mmoja ana kisu. Miaka mingi baadaye mtu anayejua Kifaransa aliniambia kwamba kwao, hilo lililochongoka ndilo wanalolitumia kwa kumwachisha mtoto ziwa.

Hakimu aliweka kidole kwenye mstari akafikiri. Kisha akaniuliza kama sioni kwamba hata Kiswahili kinafanya hivyohivyo. Tunasema fulani ametengwa, na tunasema fulani ametenga shamba la mtoto wake. Moja ni kutupwa, moja ni kutunzwa. Nikamwambia hata kutengeneza linafanana na kutenga, ingawa sina uhakika wa undugu wao. Akatabasamu. Halafu akaniambia nirudi na neno la Kikurya lenye moyo huo wa kutunza, na kwamba siku ya kusikiliza ataniruhusu nilieleze, mradi nimweleze kwanza yeye ninachotaka kusema.

Nilitembea na swali hilo siku nyingi. Nikiwa chumbani Morotonga, naosha sufuria moja na sahani moja, nalifikiria. Nilimpigia simu hata Mzee Nyamhanga, ambaye alikuwa amestaafu zamani na masikio yamelegea. Nilimweleza mara mbili. Halafu akaniuliza mama yangu alikuwa anahifadhi wapi mahindi ya mbegu.

Hapo nikaona. Nyinyi mnanunua mbegu dukani kwenye mfuko wenye picha, kwa hiyo niwaeleze. Wakati wa mavuno mama alichagua mahindi mazuri kuliko yote, akaacha maganda yake, akayafunga mawili mawili na kuyaning'iniza juu ya moto jikoni, moshi uyapate wadudu wasiyale. Hayo hayakuliwa hata njaa ikija. Kuyaweka kule kuna neno lake, neno la kila nyumba ya Mkurya. Mtoto mdogo analijua, maana ndilo analokatazwa nalo akiwa na njaa.

Siku ya shauri Mzee Chacha alikuja, sijui nani alimshawishi. Hakimu alimwomba msamaha kwamba siku ile hakueleweshwa vizuri, akasema lugha za mahakama zina upungufu wake. Akanipa ruhusa. Nikamwambia mzee, kwa Kikurya, kwamba mke wake haombi kufanywa mtu asiyesalimiwa, wala haombi mume wake asisalimiwe. Anaomba kuwekwa kando kama mbegu inavyowekwa. Halafu Wankuru akaruhusiwa kusema yake, nami nikawa yeye:

"Sina ugomvi na baba wa watoto wangu. Nikilala mle ndani namsikia Mwita anakohoa. Nikienda kwa kaka zangu sitaliona kaburi lake. Naomba nyumba ndogo palepale bomani, na moto wangu. Basi."

Nimekuwa watu wengi kwenye kazi ile, waongo na wakweli. Siku hiyo ndiyo pekee ambayo nilimgeukia mzee badala ya hakimu, kana kwamba ni mume wangu. Hakimu alisubiri. Hakuna aliyecheka.

Mzee Chacha akasema jambo ambalo hata mwanasheria hakulitegemea. Alisema na yeye humsikia. Alisema tangu mazishi anamsikia kila siku, na kwamba alikuwa akingoja mke wake arudi ndani ili wamsikie wawili.

Wankuru alijifunika uso na khanga. Nami nilikuwa nimeshageuka kwa hakimu, kutafsiri, kwa sababu ndiyo kazi.

Nilidhani hapo mama atarudi ndani. Na nyinyi pengine mmedhani hivyo. Hakurudi. Alipoulizwa tena alisema hawezi, hata akijua hayo hawezi. Hakimu alitoa amri ya kutengana: ndoa ibaki, ng'ombe wasirudishwe, mama akae bomani kwenye nyumba yake. Ndugu wa mume walinung'unika kwamba nyumba hiyo nani ataijenga. Mzee Chacha alisimama, safari hii akaomba ruhusa kwanza.

"Mbegu haihifadhiwi na mgeni," alisema. "Nitajenga mimi."

Nilistaafu miaka kadhaa baada ya hapo. Nilirudi Nyamwaga na masanduku yangu, nikakuta Ghati anafunga ya kwake. Binti yetu aliyeko Mwanza alikuwa amejifungua mapacha na anafanya kazi, hana wa kumsaidia. Ghati alisema atakaa mpaka watoto wasimame. Wamesimama, wamekwenda shule, na kila mwaka kuna sababu, na kila sababu ni ya kweli. Anakuja Krismasi. Tunalala kitanda kimoja kwa adabu, kama wageni waliokutanishwa kwenye nyumba ya mtu wa tatu. Halafu anarudi. Mimi nakamua ng'ombe wangu, napika ugali wa mtu mmoja, ambao, niwaambie ukweli, ni ugali mgumu kuliko wote kuupima. Maji huzidi au unga huzidi.

Mwaka huu baada ya palizi nilikuwa na msiba wa rafiki upande wa Serengeti. Kutoka hapo nikapanda pikipiki nikaenda mpaka Ringwani. Sikuwa na sababu ya maana. Mtu akistaafu anaruhusiwa kumsalimia aliyemkalimania, na nilitaka tu kujua.

Nilimkuta Wankuru anaanua ulezi. Alinitambua nilipotoa salamu. Aliniambia Mzee Chacha alifariki, na akanionyesha kaburi, kando ya lile la Mwita. Tulisimama pale kidogo. Nilitazama nyumba ndogo, imejengwa kwa mkono mzuri, kuta zake zimenyooka, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba na mbele yake kuna kuku. Nikamwuliza analala wapi siku hizi.

Alisema analala nyumba kubwa. Siku mzee alipozikwa, waombolezaji walipoondoka, alichukua godoro lake akaingia ndani, hakuna aliyemwambia. Nikamwuliza kama bado anamsikia Mwita. Alisema sasa anawasikia wote wawili, na kwamba mzee naye alikuwa na kikohozi chake, na yeye asingemwacha mzee alale mle peke yake.

Nilimwuliza swali lililonileta, ingawa sikujua kwamba ndilo lililonileta mpaka nilipolisema. Nilimwuliza ile miaka yote walikuwa wanaiitaje, yeye na mzee, hali ile ya kukaa boma moja na mioto miwili. Nilitegemea atasema lile neno la mbegu. Nilikuwa, kwa kweli, nimejiandaa kufurahi.

Hakulikumbuka. Alisema hawakuwa na neno. Mzee akikamua asubuhi alimwambia mjukuu, peleka maziwa kule. Yeye akiona moshi umechelewa kutoka nyumba kubwa aliuliza, kule wameamka? Mvua ikipiga sana mzee alisimama mlangoni kwake akaita, kule hakuvuji? Naye akajibu, huku hakuvuji.

"Basi, ilikuwa kule," aliniambia. "Yeye alikuwa na kule, na mimi nilikuwa na kule."

Alinipa ulezi kidogo kwenye mfuko, nikaaga.

Nilifika Nyamwaga jua limepunguza ukali. Nilifungua mlango, nikaweka mfuko mezani, nikakaa kitandani upande wa Ghati, upande ambao huwa siukalii, nikampigia simu. Huwa tunazungumza mambo: ada, dawa ya ng'ombe, mjukuu aliyeanguka kwenye baiskeli. Alipopokea aliniuliza kuna nini, kwa sababu haikuwa siku yetu ya kupiga. Nikamwambia hakuna kitu. Nikamwuliza, "Kule hamjambo?"

Nilisikia televisheni nyuma yake, na mtoto akiita bibi, na yeye akimwambia asubiri. Halafu nikasikia mlango unafungwa na kelele zinapungua, kama mtu aliyetoka nje ili asikie vizuri.

"Huku hatujambo," alisema. "Niambie ya kule."